Kubadilisha gasketi ya tapeti kava ili oili isirudi kuvuja: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoyapokea ni yale yale: gasketi ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, imenunuliwa mpya, kava imefungwa, injini imekaa kavu kwa wiki mbili, kisha oili imeanza tena kuteremka ubavuni na kudondokea ekzosti. Gari likisimama kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, harufu ya oili inayoungua huingia ndani, na mwenye gari huamini kwamba ameuziwa gasketi bandia. Mara chache ndivyo ilivyo. Katika kazi nyingi za namna hii nilizozifungua upya hapa Changamwe, Mombasa, gasketi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa uchafu ulioachwa chini yake, boliti zilizokazwa kupita kiasi, au silikoni iliyopakwa mahali pasipoihitaji.

Gasketi hii haizuii oili kwa kubanwa kwa nguvu. Huizuia kwa kukalia sehemu safi na kubanwa sawasawa pande zote, na karibu kila onyo utakalolisoma hapa chini linatokana na jambo hilo moja.

Mfano ninaoutumia ni injini ya Toyota 1NZ-FE ya silinda 4 na lita 1.5, kwa sababu ndiyo iliyomo katika Probox nyingi zinazopita mbele ya gereji yetu. Injini nyingine za petroli zenye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) juu ya kila plagi hufuata utaratibu unaokaribiana sana na huu, ila vipimo vya nguvu ya kukazia na sehemu za kupaka silikoni lazima uvisome katika kitabu cha injini yako.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kufungua chochote

Vikusanye vyote kwanza. Injini iliyo wazi huku wewe uko dukani ukitafuta sili moja ni injini inayokusanya vumbi, hasa wakati wa kaskazi.

- Gasketi mpya ya tapeti kava inayolingana na namba ya injini yako. Jina la gari halitoshi, kwa kuwa modeli moja ya gari huweza kuja na injini mbili au tatu tofauti.
- Sili za mashimo ya plagi na sili ndogo zinazokaa chini ya boliti au nati, ikiwa injini yako inazo. Mara nyingi huuzwa kando na gasketi. Ziulize kwa jina.
- Tyubu ndogo ya silikoni inayostahimili oili na joto. Ile ya madirisha na masinki haifai hata kidogo.
- Vali ya kupumulia injini, ambayo madukani huitwa PCV, kama ya zamani haijabadilishwa kwa muda mrefu.
- Racheti ndogo, soketi namba 10, ekstensheni fupi na ndefu, na soketi ya plagi.
- Spana ya kupimia nguvu, yaani toki, inayoweza kusoma vipimo vidogo. Toki kubwa ya nati za magurudumu haifai, kwa kuwa haisomi vizuri nguvu ndogo kama hizi.
- Kikwaruzo cha plastiki au cha mbao. Ncha ya mwiko wa mbao uliochongwa vizuri inatosha kabisa.
- Breki klina, mafuta ya taa kidogo, vitambaa visivyotoa nyuzi, glavu na tochi.
- Kipande cha kadi boksi, kalamu na utepe wa karatasi wa kuwekea alama.

Tenga nusu siku. Mikono yenye uzoefu huimaliza kwa saa mbili, lakini anayeifanya kwa mara ya kwanza asijibane na muda, kwa maana haraka ndiyo inayomfanya mtu aache kusafisha kabla sehemu haijawa safi.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba ni tapeti kava inayovuja

Oili hutiririka kwenda chini, na gari likiwa mwendoni hupeperushwa kwenda nyuma, kwa hiyo mahali inapodondokea mara nyingi si mahali inapotokea. Mteja mmoja aliniletea gari ambalo kwingineko alishaambiwa kwamba sili kubwa ya nyuma ya injini imekwisha na lazima giaboksi ishushwe. Tulipoliosha na kulikagua, tuligundua kwamba oili ilikuwa ikitoka kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, ikishuka mgongoni mwa hedi, ile sehemu ya injini ambayo kava huifunika, na kudondokea pale pale injini inapokutana na giaboksi. Mtu huyo nusura alipie kazi kubwa kwa kosa la gasketi nyembamba ya mpira.

Injini ikiwa imepoa, futa kwa kitambaa na breki klina ukingo wote wa kava, ubavu wa hedi na sehemu ya chini yake. Funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, kisha uuondoe kabla ya kuwasha. Sehemu ikishakauka, pakaza poda ya mtoto kidogo chini ya ukingo, endesha gari kwa nusu saa, kisha ulisimamishe na umulike kwa tochi. Panda kuelekea Mazeras na kurudi, kama unaweza, kwa sababu ule mwinuko huipasha injini joto la kutosha kuutoa uvujaji ulipojificha. Oili itachora mstari mweusi juu ya poda, na sehemu ya juu kabisa ya mstari huo ndipo chanzo kilipo.

Kagua pia mashimo ya plagi kwa kuchomoa koili moja baada ya nyingine, injini ikiwa imezimwa. Koili ikitoka na ncha iliyolowa oili, sili za mashimo ya plagi zimekwisha, na hiyo huenda ndiyo sababu injini inatetemeka na kukosa moto katika silinda moja.

Mafanikio ya hatua hii: unaweza kuweka kidole mahali oili inapotokea na kusema ni kona ipi au ubavu upi. Kama mstari unaanzia chini ya kiungo cha kava, acha kazi hii. Tatizo lako ni jingine.

## Hatua ya 2: Kagua jinsi injini inavyopumua

Hatua hii hurukwa na wengi, nao ndio wanaorudi baada ya wiki tatu.

Ndani ya injini kuna hewa na gesi zinazopenya kando ya pistoni, nazo zinatakiwa zitoke kupitia vali ya PCV na hozi yake. Njia hiyo ikiziba kwa tope la oili, shinikizo hujikusanya ndani na kutafuta pa kutokea, na mahali dhaifu kuliko pote ni gasketi ya tapeti kava. Ukiweka gasketi mpya bila kufungua njia hiyo, unaandaa uvujaji mwingine.

Toa vali na uitikise karibu na sikio. Nzima nyingi hugonga ndani kama punje ya mchele katika kibweta cha kiberiti. Ipulize pande zote mbili: hewa ipite upande mmoja kwa urahisi na izuiwe upande wa pili. Ikiwa imenyamaza au inazuia pande zote, weka mpya. Kagua pia hozi yake, kwa kuwa mpira uliozeeka kwa joto la pwani hupasuka kwa ndani hata kama nje unaonekana mzima.

Kisha washa injini na ufungue kifuniko cha kujazia oili huku injini ikinguruma taratibu. Upepo mwepesi si tatizo. Moshi unaofuka kwa mapigo mazito hata baada ya kubadilisha vali ni dalili ya ringi za pistoni zilizochoka, na katika hali hiyo ni haki kujua mapema kwamba gasketi mpya haitadumu.

## Hatua ya 3: Poza injini, tenga betri, safisha juu

Acha injini ipoe hadi uweze kuweka kiganja juu ya kava bila kukiondoa. Hapa Mombasa, gari likiwa limepigwa na jua, hiyo inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, kwa hiyo ni vyema kuanza asubuhi kabla gari halijatoka. Sababu ni mbili: ekzosti iliyo karibu itakuunguza, na chuma cha kava kinapokuwa moto hupinda kwa urahisi boliti zinapolegezwa upande mmoja.

Tenga waya wa hasi wa betri. Kisha puliza au piga brashi mchanga na vumbi vyote vilivyokaa juu ya kava na kuzunguka boliti. Ukifungua kwanza na kusafisha baadaye, mchanga huo utaangukia juu ya kemshafti, ile mihimili inayofungua vali.

## Hatua ya 4: Ondoa koili, hozi na waya

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote: moja kutoka juu, moja kila upande.

Tia kila koili alama ya namba kwa utepe, kuanzia 1 upande wa mkanda. Finya ulimi wa kiunganishi cha waya ndipo ukivute. Usivute waya wenyewe. Plastiki ya viunganishi vya magari yenye umri wa zaidi ya miaka kumi huwa imekauka na huvunjika kama ganda la yai, kwa hiyo sukuma kiunganishi mbele kidogo kwanza ili ulimi ulegee, kisha ufinye. Toa boliti ya koili, izungushe koili kidogo kushoto na kulia, halafu uivute juu.

Kama kuna oili ndani ya shimo la plagi, usitoe plagi kabla ya kuikausha. Sokomeza kitambaa kilichoviringwa kwenye kijiti, inyonye oili yote, rudia mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ukiitoa plagi mapema, oili yote itamwagikia ndani ya silinda. Baada ya kukausha, ziache plagi mahali pake hadi mwisho wa kazi, kwa maana ndizo zinazoziba mashimo yasiingiwe na uchafu.

Chomoa hozi za kupumulia, klipu za waya zinazopita juu ya kava na sensa yoyote iliyofungwa juu yake. Waya usukume kando na uufunge kwa kamba ili usikurudie wakati wa kuweka kava.

## Hatua ya 5: Fungua boliti na uinue kava

Chora umbo la kava kwenye kadi boksi, toboa matundu mahali pa kila boliti, na kila unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Boliti hizi zinaweza kuonekana sawa huku moja ikiwa ndefu kwa milimita tano, na ile ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi, hugota chini kabla ya kubana kava. Mkono utahisi imekaza, kumbe gasketi pale haijaguswa.

Legeza kwa robo zamu, ukianzia boliti za pembeni na kuelekea katikati, kisha rudia mzunguko mzima kabla ya kuzitoa kabisa. Chumvi ya hewa yetu hushika boliti za nje, hasa za magari yanayolala karibu na bahari. Ikikataa, usiilazimishe: inyunyizie mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika kumi na tano, igonge kichwani taratibu, halafu ijaribu mbele na nyuma. Boliti ya milimita 6 hukatika kwa nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, na kipande kilichobaki ndani ya alumini ni kazi ya mkereza vyuma.

Kava ikiwa imeganda, igonge ubavuni kwa mpini wa mbao au nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kati ya kava na hedi. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi kwenye uso wa alumini ni mfereji mdogo ambao oili itaupitia kila siku, na hakuna gasketi itakayouziba. Kama ni lazima kuinua kwa chuma, tafuta masikio ya kava yaliyotokeza nje ya mstari wa gasketi.

Inua wima. Upande wa mbele, penye cheni ya taimingi, kuna uwazi unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na boliti inayodondokea humo huweza kukulazimu kushusha sampu nzima. Ziba uwazi huo mara moja kwa kitambaa safi, na uandike kwenye kadi boksi idadi ya vitambaa ulivyoweka ndani. Kemshafti na vali zilizobaki zifunike kwa kitambaa kingine kipana.

Kabla ya kufunika, tazama. Rangi ya dhahabu au kahawia ni ya injini iliyobadilishwa oili kwa wakati. Tope jeusi zito linakueleza kwa nini PCV ilikuwa imeziba. Ute mweupe kama tui la nazi ni maji yaliyochanganyika na oili. Ukiwa mwingi, simamisha kazi na uchunguze gasketi ya hedi kwanza.

## Hatua ya 6: Safisha, kisha safisha tena

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ningeshauri nusu ya muda wako wote uishie hapa.

Toa gasketi ya zamani kutoka kwenye mfereji wa kava. Ikunje: mpira mzima hurudi, ila huu utakuwa mgumu kama kandambili iliyosahauliwa juani, na pengine utavunjika vipande. Hakikisha umevitoa vyote. Ng'oa pia sili za mashimo ya plagi, ukiangalia kwanza upande zilikotazama, kwa kuwa sili iliyogeuzwa huvuja tangu siku ya kwanza. Nyingine zimebanwa ndani ya kava na zinahitaji kusukumwa kwa soketi yenye kipenyo kinacholingana nazo.

Kava ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kwa sabuni na maji ya moto, uisuuze na uikaushe kabisa, pamoja na vyumba vya ndani vinavyoshika maji. Petroli usiitumie, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo sana.

Upande wa hedi ni mgumu zaidi. Kwaruza mabaki ya silikoni ya zamani kwa plastiki au mbao, ukisukuma kuelekea nje ili yasiangukie ndani. Karatasi ya msasa isitumike, maana chembe zake zikiingia kwenye oili hula beringi. Breki klina imimine kwenye kitambaa. Usiipulize moja kwa moja ndani ya injini iliyo wazi.

Zingatia kona nne na hasa viungo viwili vya mbele, pale kava ya taimingi, ile inayofunika cheni ya mbele, inapokutana na hedi. Hapo pana mstari mwembamba ambamo silikoni ya zamani hujificha. Pitisha ukucha juu yake. Ukisikia unakwama, bado kuna mabaki, hata kama macho hayaoni kitu.

Jaribio langu la mwisho ni kitambaa cheupe. Nakilowesha breki klina, nakizungushia kidole na kupitisha ukingo mzima wa hedi mara moja, kisha mfereji wa kava mara moja. Kikitoka na doa, narudia. Kijana anayejifunza kazi kwangu alirudia mara saba siku yake ya kwanza na akakasirika. Gari lile bado linapita hapa, na ukingo wake ni mkavu.

Mwisho weka kava kifudifudi juu ya kioo bapa au upimie rula ya chuma kwenye ukingo wake. Ikicheza au mwanga ukapita katikati, imepinda, na kava iliyopinda hubadilishwa kwa nyingine. Kava za plastiki zikague pia nyufa kuzunguka matundu ya boliti.

Mafanikio ya hatua hii: kitambaa kinabaki cheupe, ukucha haukwami popote, na sehemu zote mbili ni kavu kabisa.

## Hatua ya 7: Valisha gasketi na sili mpya

Sukuma sili za plagi kwa usawa hadi zikae, kisha paka oili safi kidogo kwenye midomo yake ili zisichanike zinapoteremka juu ya mashimo.

Gasketi ya mpira huwekwa kavu. Anzia kwenye kona, kisha sehemu za katikati, kisha sehemu zilizobaki, ukibonyeza kwa kidole bila kuivuta. Anayeanzia mwanzo na kuizungusha hadi mwisho huishia na urefu uliozidi, na huo uliozidi hujikunja na kuacha pengo.

Kama gasketi inaanguka kila unapogeuza kava, paka vitone vichache vya grisi ndani ya mfereji.

## Hatua ya 8: Silikoni, mahali pake tu

Silikoni hupakwa pale vipande viwili vya chuma vinapokutana chini ya gasketi, kwa kuwa mpira hauwezi kujaza ngazi hiyo ndogo peke yake. Kwenye 1NZ-FE ni vile viungo viwili vya mbele vya kava ya taimingi na hedi. Injini nyingine zina pia kona kali kando ya kofia za kemshafti au vizibo vya nusu duara.

Kiasi ni kitone kimoja kwa kila kiungo, ukubwa wa punje ya choroko. Kupaka utepe wa silikoni kuzunguka gasketi nzima ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na linadhuru kwa njia mbili. Gasketi iliyolowa silikoni huteleza na kuchomoka inapobanwa. Tena silikoni iliyozidi hufinyika kuelekea ndani, hukatika, husafirishwa na oili hadi kwenye kichujio cha pampu, na kichujio kikiziba injini hukosa oili. Hapo umeokoa matone machache na kupoteza injini nzima.

Silikoni hizi huganda kwa unyevu ulio hewani, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo huanza kuota ngozi upesi. Ipake wakati kava iko tayari mkononi, na uifunge ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 9: Rudisha kava na ukaze kwa kipimo

Hesabu vitambaa ulivyoandika kwenye kadi boksi na uvitoe vyote. Teremsha kava wima bila kuiburuta. Mulika kwa tochi pande zote, hasa nyuma, uone kwamba gasketi haijachomoka.

Ingiza kila boliti kwa vidole mpaka iguse. Boliti isiyoingia kwa vidole imepinda njia. Itoe na uanze upya, usiisukume kwa racheti. Kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje, ukivuka upande hadi upande: mzunguko wa kwanza kwa nusu ya kipimo, wa pili kwa kipimo kamili, wa tatu kwa kuhakikisha tu.

Kipimo cha 1NZ-FE ni nyutonimita 10, na kava nyingi za boliti za milimita 6 ziko karibu na hapo. Ni nguvu ndogo. Kwa mpini wa sentimita 20, ni sawa na kuinua kilo 5, yaani pakiti mbili za unga na kilo moja ya sukari katika mfuko mmoja. Kama huna toki, shika racheti karibu na kichwa chake kwa vidole vitatu, na uishie pale kifundo cha mkono kinapoanza kuhisi ukinzani. Ila toki ya kuazima ni bora kuliko vidole vya fundi yeyote, na nasema hivyo nikijua vidole vyangu.

Mtu anapoona oili inavuja, mkono wake humtuma kukaza zaidi, na kwa kufanya hivyo huongeza uvujaji. Mpira ukibanwa kupita kiasi hufinyika na kutoka mahali pake, na kava nyembamba huinama penye boliti na kunyanyuka kati ya boliti mbili. Oili hutokea pale pale iliponyanyuka. Ukiona uvujaji katikati ya boliti mbili, chanzo kwa kawaida ni kukaza kupita kiasi.

Rudisha koili kwa namba zake, viunganishi mpaka vilie, hozi, klipu na betri. Linganisha na picha ulizopiga.

## Hatua ya 10: Subiri, washa, kagua

Soma muda ulioandikwa kwenye tyubu ya silikoni na uuheshimu. Ukiweza, liache gari lilale hadi kesho yake.

Pima oili kwa kijiti na uongeze iliyopungua. Washa injini na uiache ingurume kwa dakika kumi huku ukimulika ukingo wa kava. Moshi mwepesi kutoka kwenye ekzosti mwanzoni ni oili ya zamani iliyobaki pale ikiungua, nao hukatika wenyewe. Ukiendelea baada ya safari ya pili, kagua tena. Injini ikitetemeka, kiunganishi cha koili mojawapo hakijakaa sawasawa.

Endesha, pumzisha gari, kisha futa ukingo mzima kwa karatasi nyeupe ya tishu, ukifika mpaka kona ya nyuma ambako jicho halifiki. Rudia kesho yake, na tena baada ya wiki. Tishu ikibaki nyeupe mara zote tatu, kazi imekubali. Usikaze boliti upya eti kwa tahadhari. Gasketi ya mpira haihitaji kukazwa mara ya pili.

Ikivuja tena, tazama ni wapi. Kwenye kiungo cha mbele, silikoni ilikosekana au uso haukuwa safi. Kati ya boliti mbili, ulikaza mno au kava imepinda. Kwenye kona ya nyuma, gasketi ilichomoka wakati wa kuteremsha kava. Ukingo wote ukilowa kwa pamoja, rudi hatua ya 2 na uchunguze upumuaji wa injini. Vyovyote iwavyo, kava ifunguliwe tena na sehemu zisafishwe upya. Silikoni inayopakwa kwa nje juu ya oili haishiki.

Oili chafu na mafuta ya taa uliyosafishia yaweke kwenye mtungi wenye kifuniko na uyapeleke kwa wanaokusanya oili chakavu. Yakimwagwa mtaroni, mvua ya kwanza ya masika itayabeba hadi baharini.